Ukitaka Faida ya Jani, Punguza Moto

Nilipoanza kutengeneza losheni ya mlonge hapa Busia, nilikuwa nachemsha majani kwenye sigiri tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilichopata ni maji ya kahawia yenye harufu ya mboga iliyolala, na siku ya tatu yakawa yamechacha. Muuzaji mmoja wa kemikali akanishauri nitumie heksani, kimiminika cha kuyeyushia. Nikazidi kuharibu. Heksani hutokana na mafuta ya petroli, na mvuke wake ukivutwa muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu. Tena inachoyeyusha vizuri ni mafuta, kwa hiyo polifenoli (viambato vya jani) nilizozitafuta zilibaki kwenye makapi. Pesa ikaenda, na kichwa kikaniuma siku mbili.

Sasa natumia ethanoli, yaani alkoholi, ya kiwango cha chakula, sehemu saba kwa tatu za maji. Hutengenezwa kwa molasi ya miwa, na ukiikeneka unaitumia tena. Tafadhali usikimbilie waragi, pombe kali, ya mtaani ili kuokoa shilingi. Mwaka 2010 waragi iliyochanganyika na methanoli, alkoholi yenye sumu, iliua makumi ya watu huko Kabale, Uganda.

Kausha majani kivulini, saga, chekecha. Weka gramu 10 za unga kwenye chupa ya kioo yenye mililita 100 za mchanganyiko, kisha ishushe kwenye kile kibeseni cha mtetemo ambacho masonara husafishia pete. Mawimbi yake, sikio haliyasikii, hutengeneza vipovu vidogo mno vinavyopasuka na kuchana kuta za seli. Nusu saa inanitosha. Kioevu huanza kugeuka kijani mapema, na unga huelea kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Maji ya kibeseni hupata joto yenyewe, basi yabadilishe kabla hayajapita nyuzi 40. Na sigiri iwe mbali kabisa: mvuke wa ethanoli hushika moto upesi.

Suala la joto si dogo. Miaka ya 1970 kule China, mwanasayansi Tu Youyou aligundua kwamba joto linaua nguvu ya pakanga, mmea uleule unaolimwa Kabale. Akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, akapata dawa ya malaria iliyompa Nobel mwaka 2015. Etha yenyewe ni hatari, usiiguse. Chukua somo la joto.

Ukitaka kujua umepata kiasi gani, pima sahani tupu, mimina mililita 10 ulizochuja, ziache zikauke penye hewa, pima tena. Uzito ulioongezeka ndio uliotoka kwenye jani katika mililita hizo 10.