Maswali ya Wasomaji: Regyuleta Inayovuja na Maji ya Kuioshea

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Nina regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi chini ya maji, ninayoitumia kuzamia Nyali, na mara nyingine kwenye meli ya Dania iliyozamishwa mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki. Siku hizi nikifungua mtungi huwa kimya, lakini baada ya dakika chache sehemu ya mdomoni huanza kuvuja hewa kwa mlio mwembamba. Nikivuta pumzi mlio hukoma, kisha hurudi. Rafiki yangu amenishauri nikaze springi ya mdomoni. Je, nimfuate?
Mzamiaji, Kongowea

JIBU: Waalaykum salaam. Usikaze chochote, ndugu yangu, kwa sababu ugonjwa hauko mdomoni. Regyuleta hupunguza presha kwa hatua mbili: ya kwanza, inayofungwa kwenye mtungi, huipokea hewa ikiwa na presha ya baa 200 hivi (baa moja ni kama presha ya hewa ya kawaida ufukweni) na kuishusha hadi baa 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka, ya pili, iliyo mdomoni, huishusha tena hadi kiwango ambacho mapafu yanaweza kukipokea. Hewa ikivuja papo hapo ufunguapo mtungi na isikome, mara nyingi kasoro ni ya hatua ya pili. Ikianza baada ya muda, ikakoma ukivuta pumzi na kurudi, kama ulivyoeleza, basi yaelekea valvu ya hatua ya kwanza haizibi sawasawa, na presha ndani ya paipu inapanda kidogo kidogo hadi inailazimisha valvu ya mdomoni kufunguka.

Jambo hilo huthibitishwa kwa geji ndogo inayochomekwa kwenye paipu ya kujazia hewa jaketi la kuelea. Fungua mtungi taratibu, bonyeza mara kadhaa kitufe cha kupulizia, kile kilicho mbele ya sehemu ya mdomoni, kisha tulia uutazame mshale. Katika regyuleta isiyo na kasoro mshale hupanda, hutua mahali pamoja na kubaki hapo. Katika yako nadhani utatua kwenye baa 9 na nusu, halafu utaanza kutambaa kuelekea 11 na 12 bila mtu kugusa kitu. Fundi akiifungua huenda akakuta kikalio cha valvu, ambacho ni kipande kidogo cha plastiki ngumu, kimechimbika duara lililoingia ndani mno, au kimekwaruzwa na chembe ya chumvi isiyoonekana bila kioo cha kukuzia.

Ushauri wa rafiki yako unanitia hofu, na nasema hivyo kwa heshima. Springi ikikazwa mlio utakoma kweli, lakini utavuta pumzi kwa taabu, na presha itaendelea kupanda nyuma ya valvu uliyoibana. Kuvuja kule mdomoni ndiko kunakoipa hewa iliyozidi njia ya kutokea. Ukikuzuia, paipu inaweza kupasuka. Usizamie nayo hata maji mafupi mpaka itengenezwe. Kwenye kina cha mita 30 presha ni mara nne ya ile ya juu, na mtungi unaomwaga hewa huko chini huisha upesi mno.

SWALI: Fundi, mimi huiosha regyuleta yangu kila nitokapo baharini, tena kwa maji mengi ya kisima cha nyumbani, lakini imeota kutu ya kijani kwenye viungo, na kichujio kilicho mahali pa kuingilia hewa nacho kimekuwa kijani. Ninakosea wapi?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Anza na maji yenyewe. Visima vingi vya huku kwetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambamo maji ya bahari hupenya, ndiyo maana wengi wetu hatuyanywi. Yaonje: ulimi ukihisi chumvi, hayafai kwa suuza ya mwisho, kwa kuwa yakikauka huacha ndani ya viungo chumvi ileile uliyokusudia kuitoa. Maji ya mvua yaliyokingwa ni mazuri sana. Ya mkokoteni yanafaa pia ukiwa na hakika kwamba muuzaji ameyateka mferejini, na dumu moja la lita 20 linakutosha. Yakiwa haba, ondoa mchanga kwa maji ya kisima, kisha loweka kwa yale matamu, yakiwa vuguvugu ikiwezekana, kwa muda wa nusu saa.

Namna ya kuosha nayo ina uzito wake. Ni vyema regyuleta ibaki kwenye mtungi uliofunguliwa, sehemu ya mdomoni itumbukizwe katika ndoo na ile ya hatua ya kwanza imiminiwe maji, kwa sababu presha ya ndani huyazuia maji kuingia. Kama mtungi umekwisha rudishwa, kausha kile kifuniko cha kuzuia vumbi mahali pa kuingilia hewa, kikaze barabara, na usiguse kabisa kitufe cha kupulizia. Ukikibonyeza bila presha unafungua valvu, na maji yanapita kwenye paipu hadi hatua ya kwanza.

Kichujio kuwa kijani kunaonyesha kwamba maji yameshaingia, ama kwa kifuniko kilicholegea au kusahauliwa, ama kutoka kwa mtungi wenye unyevu. Kingekuwa chekundu ningeshuku kutu ya mtungi wa chuma; kingekuwa cheusi ningekutuma ukaulize habari za kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi. Kwa hali yako, mpelekee fundi aliyefunzwa chapa hiyo kabla ya kuzamia tena. Yeye atavifungua vipande na kuvisafisha. Usiiloweke regyuleta nzima katika siki, kama wengine wafanyavyo.

SWALI: Maji huniingia mdomoni kidogo kidogo ninapovuta pumzi. Kuna hatari?
Mzamiaji, Likoni

JIBU: Ipo, lakini chanzo mara nyingi ni kidogo. Tazama mpira unaoung'ata: hupasuka karibu na pale unapofungwa. Kisha, mtungi ukiwa umefungwa na hewa yote imetolewa, vuta kwa mdomo. Hewa ikipatikana, kuna tundu mahali fulani. Chunguza valvu ya kutolea pumzi, ule mpira mwembamba kama jani, kwa maana punje moja ya mchanga chini yake inatosha kupitisha maji. Ikiwa huko ni salama, huenda kiwambo, ule mpira mpana ulio nyuma ya kitufe cha kupulizia, kimetoboka.

SWALI: Naweza kupaka mafuta ya nazi ili mipira isikauke wakati wa kusi, tunapokaa miezi bila kuzamia?
Msomaji, Shanzu

JIBU: La. Mafuta hunasa mchanga, na yakikutana na oksijeni nyingi yenye presha kubwa yanaweza kuwaka. Ioshe, ikaushe kivulini, itundike bila kuikunja paipu, kisha ipeleke kwa fundi kabla kaskazi haijaanza, ukizingatia muda wa ukaguzi uliowekwa na watengenezaji, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja au miwili.