Mbunge wetu ameahidi kushusha bei ya mafuta ya kupikia. Sheria inampa uwezo huo?

SWALI

Wakili, salaam aleikum. Mimi ni mpishi wa mahamri na viazi karai hapa Mombasa. Mbunge wetu alipokuja matangani mtaani kwetu alitwambia amepeleka mswada wa kuondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye mafuta ya kupikia, na kwamba bei itashuka kwa asilimia 16. Miezi saba imepita. Nikimuuliza msaidizi wake, ananijibu kwamba huo ni "mswada wa fedha", ndiyo maana umekwama kwenye kamati. Mwengine akanambia VAT haitaondolewa, mafuta "yatasamehewa", na kusamehewa si sawa na kutozwa sifuri. Nimechanganyikiwa. Mbunge mmoja anaweza kweli kushusha bei? Na hayo maneno yana maana gani kwangu mimi ninayenunua jerikeni moja moja?

Mama wa mahamri, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, mama. Wengi wanaoniandikia kuhusu ahadi za wabunge huuliza kama mheshimiwa ni mkweli au mwongo. Wewe umeuliza jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, nami nitakujibu hivyo hivyo.

Mbunge hapangi bei ya kitu chochote. Anachoweza kugusa ni vile vinavyoingia ndani ya bei, yaani kodi na ada, au kutunga sheria inayompa mtu mwengine mamlaka ya kupanga bei. Wako wabunge waliojaribu, tena kila mmoja kwa mswada wake binafsi, na wakafanikiwa kuupitisha.

Ephraim Maina, aliyekuwa mbunge wa Mathira, alileta mswada wa kudhibiti bei za bidhaa muhimu, vitu kama unga, mchele, sukari na mafuta. Bunge liliupitisha, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi mwaka 2010, ukarudishwa, na Septemba 2011 ukawa sheria. Sheria hiyo ipo hadi leo. Lakini ukiisoma utaona inasema waziri "anaweza" kutangaza bidhaa kuwa muhimu na kuiwekea bei ya juu kabisa kupitia gazeti rasmi la serikali. Haikusema "lazima". Sisi tunaoshughulika na miswada neno hilo ndilo tunalolitafuta kwanza. Mbunge alifanya kazi yote, na mwisho wa yote ufunguo ukabaki mfukoni mwa waziri.

Wa pili ni Jude Njomo, alipokuwa mbunge wa Kiambu Mjini. Yeye alilenga riba za benki. Sheria aliyoipigania ilitiwa sahihi Agosti 2016, na ikasema benki isitoze riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Kiwango hicho wakati huo kilikuwa asilimia 10.5, kwa hiyo mwisho wa riba ukawa 14.5. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana mikopo ilikuwa ikiwaumiza. Lakini benki hazikulazimishwa kukopesha. Zikaanza kumkwepa mfanyabiashara mdogo na kuikopesha serikali, ambayo haina wasiwasi wa kutolipa. Mwenye kibanda akasukumwa kwenye mikopo ya simu, yenye makali kuliko ile aliyoikimbia. Novemba 2019 ukomo huo ukafutwa kupitia Sheria ya Fedha. Nakueleza haya kwa sababu bei ikizuiwa kwa amri, bidhaa yenyewe huweza kumkimbia mnunuzi. Kupunguza kodi hakuna hatari hiyo, na kwa hilo mbunge wako ameshika njia iliyo bora.

Sasa tuje kwenye mswada wake. Jina "mswada wa fedha" linabeba vitu viwili, na nadhani hapo ndipo msaidizi alipokuchanganya bila kukusudia. Upo Mswada wa Fedha wa kila mwaka, unaoletwa bungeni pamoja na mambo ya bajeti, ambao hupitishwa kufikia mwisho wa Juni ili kodi mpya zianze tarehe 1 Julai. Halafu upo mswada wowote unaogusa pesa za umma, hata ukiwa na ukurasa mmoja tu. Huu wa pili unasimamiwa na Kifungu cha 114 cha Katiba. Spika akiona kwamba mswada unahusu kodi, Bunge haliwezi kuendelea nao ila kwa mapendekezo ya kamati inayohusika, na kamati nayo ni lazima kwanza izingatie maoni ya Waziri wa Fedha. Waziri huyo ndiye anayeitegemea hiyo kodi kujaza bajeti yake. Unaweza kukisia maoni yake yatakuwa yapi.

Kwa hiyo kukwama si lazima kuwe na maana kwamba mheshimiwa amelala. Ila kuna jambo ningelichunguza. Mbunge akipeleka wazo lake kwa Spika, linakuwa bado ni pendekezo la sheria tu. Hupitia kwa wataalamu wa bajeti wa Bunge, kisha kwa kamati, na baada ya hapo ndipo huchapishwa kwenye gazeti rasmi na kupewa namba. Likikosa namba, huo si mswada bado. Muulize msaidizi kwa upole: "Mwanangu, mswada huo ni namba ngapi ya mwaka gani? Umesomwa mara ya kwanza tarehe gani?" Akikujibu, utaweza kuufuatilia mwenyewe. Akikosa jibu, jua mlichoambiwa matangani ni pendekezo.

Na sasa kusamehewa na sifuri. Hapa nakuomba tulia nami kidogo, maana ndipo pesa zako zilipo.

Chukua jerikeni moja. Takwimu hizi ni za mfano tu, nimezichagua ziwe nyepesi. Tuseme kiwanda kinataka Sh 4,000 kabla ya kodi. Katika kuyatengeneza mafuta, kiwanda kimenunua umeme, plastiki za jerikeni na huduma za malori, na kwenye manunuzi hayo kimelipa VAT ya Sh 160.

Leo mafuta ya kupikia hutozwa kiwango cha kawaida, asilimia 16. Kiwanda kinaongeza Sh 640 na kukuuzia kwa Sh 4,640. Kinapopeleka hesabu KRA, yaani mamlaka ya kodi, kinakata zile 160 kilizokwisha kulipa na kuwasilisha 480. Kiwanda hakijaumia popote. Zile 640 zote zimetoka kwako.

Mafuta yakiwekwa kwenye kiwango cha sifuri, kama ulivyo mkate wa kawaida, kiwanda kinakuuzia kwa Sh 4,000. Kwa macho ya sheria bado bidhaa hiyo inatozwa kodi, ila kodi yenyewe ni sifuri, na kwa kuwa inatozwa, kiwanda kina haki ya kwenda KRA kudai kirejeshewe zile 160.

Mafuta yakisamehewa, kwenye risiti hutaona VAT pia, na hapo ndipo watu wengi hudhani mambo ni yale yale. Lakini bidhaa iliyosamehewa imetolewa nje ya mfumo kabisa, na kiwanda kinapoteza haki ya kudai zile 160. Hakitazimeza. Kitaziingiza ndani ya bei na kukuuzia kwa Sh 4,160. Kodi imebaki mle ndani, imejificha tu.

Basi kwenye mfano wetu sifuri inakupa nafuu ya 640, na msamaha unakupa 480. Hazina ya Taifa kwa kawaida huupenda msamaha, kwa kuwa hauiletei madeni ya marejesho. Wenye viwanda nao huwa na malalamiko ya haki juu ya sifuri, kwamba marejesho huchukua muda mrefu kulipwa na pesa zao zinakaa serikalini. Kwa hiyo si ajabu wazo la mbunge wako likaingia kwenye kamati likiwa sifuri na likatoka likiwa msamaha. Ni afadhali kuliko kukosa vyote, lakini uyaone mapema na ujue umepata nini.

Hebu sasa irudie hesabu ya asilimia. Bei ikitoka 4,640 ikawa 4,000, imeshuka kwa asilimia 13.8. Haikushuka kwa 16, kwa sababu ile 16 ilihesabiwa juu ya 4,000, nawe unapima kutoka 4,640. Kwa njia ya msamaha ni kama asilimia 10.3. Mheshimiwa alipotaja 16 nadhani hakukusudia kudanganya. Ni kosa ambalo hata wahasibu hulifanya wakizungumza haraka. Lakini ukienda dukani ukitarajia 16 utamlaumu mwenye duka bure.

Wewe mwenyewe je? Sheria inamtaka ajisajili kwa VAT yule ambaye mauzo yake hufikia Sh milioni 5 kwa mwaka. Kwa jerikeni moja moja naamini hujafika huko, kwa hiyo hutozi VAT kwenye mahamri na huna pa kudai ile uliyolipa kwenye mafuta. Hoteli kubwa iliyosajiliwa inanunua mafuta yale yale na kuikata ile 640 kwenye hesabu zake. Wewe huwezi. Kodi hii inamkalia mpishi wa kibandani kwa uzito kuliko inavyomkalia mwenye hoteli, na mbunge anayepigania iondolewe anakupigania wewe hasa. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Lakini kodi ikitoka, bei itashuka kweli? Mfano wa kutazama ni gesi, ambayo nawe unaitumia. VAT ya asilimia 16 ilianza kutozwa kwenye gesi ya kupikia Julai 2021. Mwaka 2022 Bunge likaishusha hadi 8, na mwaka 2023 ikawa sifuri. Kwenye sheria ni ushindi mkubwa. Ila gesi hununuliwa nje kwa dola, na katika miezi iliyofuata shilingi iliporomoka mpaka dola moja ikapita Sh 160 mapema mwaka 2024. Sehemu ya ile nafuu ikaliwa na dola kabla haijafika jikoni. Mafuta ya kupikia yako kwenye njia hiyo hiyo, maana mengi hutokana na mawese yanayoletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Hata ushuru wa forodha hauamuliwi Nairobi peke yake. Huamuliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja, na mbunge mmoja hana mkono huko. Ngano ya mahamri yako ni hivyo hivyo: kiwango cha pamoja ni asilimia 35, na Kenya imekuwa ikiomba wasagaji wake waruhusiwe kulipa 10.

Ningekuwa mshauri wa mbunge wako, ningemwambia asiusubiri mswada wake binafsi. Angoje Mswada wa Fedha wa mwaka ufike mezani, kisha apeleke marekebisho ya mstari mmoja wa kuhamisha mafuta ya kupikia hadi kwenye orodha ya sifuri, akiwa na hesabu ya pesa ambazo serikali itakosa na pendekezo la wapi zitapatikana. Asipokuja na hesabu hiyo, kamati itamrudisha mlangoni. Na njia hii hufanya kazi. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwenye mafuta ya mimea. Kelele za wananchi zilikuwa kubwa, na tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba kamati imeviondoa vyote viwili. Wiki moja baadaye vijana waliuawa barabarani wakiupinga mswada wenyewe, na Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini mkate na mafuta vilikuwa vimeshatolewa kamatini.

Nawe una nafasi kwenye kamati hiyo hiyo. Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi, na kila mwaka kamati hutangaza kwamba inapokea maoni ya maandishi kuhusu Mswada wa Fedha. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi wakati wowote. Huhitaji wakili, na huhitaji Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge letu.

Ada ya kila siku unayolipa sokoni na leseni ya biashara usimuulize mbunge. Hizo ni za kaunti, na wa kumshika shati ni MCA wako, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti.

Anza na risiti. Weka za miezi mitatu, zile zinazoonyesha VAT imeandikwa chini peke yake. Jumlisha hiyo VAT tu, kisha uiandike kama ulivyoniandikia mimi: ninapika mahamri, ninanunua jerikeni kadhaa kwa mwezi, nimelipa kodi ya kiasi hiki ambayo siwezi kuidai, naomba mafuta yawekwe kiwango cha sifuri na si kusamehewa. Kamati hupokea marundo ya karatasi kutoka kwa viwanda na makampuni ya uhasibu. Ya mpishi mwenye risiti zake ni chache mno. Ukishaiandika, nitumie nikusomee kabla hujaipeleka, na nakala moja mpe mheshimiwa mkononi. Ataihitaji siku ya kusimama kutetea ule mstari mmoja.