Aliyekuuzia ni mdai wa ngapi?

Nyumba ya kwanza ya mnada niliyoitaka, yaani inayouzwa na mkopeshaji kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulipa, ilikuwa rahisi mno, na mimi nikajiona mjanja. Nilikwenda ofisi ya usajili wa ardhi, nikatazama jina la mmiliki, nikaona ndilo lile lililo kwenye tangazo, basi nikaridhika. Nikashinda mnada, nikalipa amana. Wiki moja baadaye mwanasheria akaniuliza: "Aliyekuuzia ni mdai wa ngapi?" Sikujua hata kwamba wadai wana namba.

Muuzaji alikuwa mkopeshaji wa pili. Rehani ya kwanza, tena kubwa zaidi, ilikuwa bado imeikalia nyumba ile, na ningeirithi pamoja na kuta zake. Niliiacha amana ipotee. Kuendelea kungeniumiza zaidi.

Wenye rehani hupanga foleni, na kwa kawaida anayetangulia ni aliyetangulia kusajili. Mmoja wao akiuza nyumba, walio nyuma yake hugawana kinachobaki, kama kipo, na dai lao juu ya nyumba hufutika. Walio mbele yake hawaguswi; wanakungoja wewe. Ndiyo maana siku hizi, kabla hata ya kwenda kuiona nyumba, natafuta kwanza anayeuza amesimama wapi kwenye foleni hiyo.

Nachukua karatasi na kuandika kila kilichosajiliwa kwa tarehe zake: nani alinunua, kwa bei gani, alikopa kwa nani, rehani ipi imefutwa. Rehani isiyo na hati ya kuifuta naihesabu kuwa hai, hata mwenye nyumba akiapa kwamba alishamaliza kulipa. Kiasi kinachoonekana pale ni cha siku ya kukopa, si deni la leo. Huenda limepungua sana, au riba na faini zimelipandisha. Naomba salio kwa maandishi, na nikinyimwa napiga hesabu kwa kiasi kikubwa zaidi ninachoweza kukifikiria. Macho yangu huganda pia kwenye nyumba iliyohamishiwa ndugu kwa bei ya kutupa muda mfupi kabla mwenyewe hajashindwa kulipa deni. Hapo kesi inanukia: wadai watasema aliihamisha ili kuwakwepa.

Kodi ya majengo ina tabia ya kuruka foleni. Marekani, kwa mfano, deni la kodi hiyo kwa kawaida huitangulia hata rehani iliyosajiliwa miaka mingi kabla yake. Huko huko, serikali kuu ikiwa inamdai kodi ya mapato mwenye nyumba wa zamani, na mnada ukafuta dai la serikali hiyo, hupewa angalau siku 120 za kuikomboa nyumba kutoka kwako, yaani kuichukua kwa kukurudishia ulicholipa. Usianze kubomoa kuta kabla siku hizo hazijaisha. Na deni la kodi mara nyingi halimo kabisa kwenye daftari la ardhi. Uliza kwa mamlaka inayoikusanya.

Jua pia daftari lako limepangwaje. La England na Wales, lililofunguliwa kwa umma Desemba 1990, hufuata mali yenyewe: unaona maelezo ya mali, mmiliki, kisha mizigo iliyo juu yake. Kaunti nyingi za Marekani hupanga nyaraka kwa majina ya aliyetoa na aliyepokea, nawe ndiye unayeunganisha mnyororo wa wamiliki. Hapo herufi moja ikikosewa, rehani nzima inajificha. Tafuta jina kwa kila namna linavyoweza kuandikwa, na la kabla ya ndoa pia.

Kisha nenda ukalinganishe karatasi na macho. Niliwahi kusimama mbele ya nyumba ya vyumba vitano ambayo kwenye kumbukumbu za kodi ilikuwa na vitatu. Viwili vilijengwa bila kibali, na anayeamriwa kuvibomoa ni anayeimiliki nyumba siku amri inapotoka. Waliomo ndani nao mara nyingi hawaandikwi popote. Bisha hodi kwa adabu, ujue ni wapangaji au ni mwenye nyumba mwenyewe, maana kumtoa mtu ni gharama na ni miezi.

Upekuzi wa wiki iliyopita ni habari ya wiki iliyopita. Kwa nyumba niliyoipenda kuliko zote, kila kitu kilikuwa safi: rehani moja, muuzaji wa kwanza kwenye foleni, kodi imelipwa. Asubuhi ya mnada nikapekua tena kwa mazoea tu. Zuio la mahakama lilikuwa limesajiliwa jana yake alasiri. Nilipofika, dalali alikuwa anapanga viti; nikamwonyesha karatasi, akaisoma mara mbili, akatoka nje kupiga simu.