Kabla fundi hajashika nyundo: nilivyofungua usukani wa Beetle yangu

Juzi usiku niliandikiwa na ndugu mmoja wa Morogoro. Ana Volkswagen Beetle ya 1971 aliyoachiwa na baba yake. Honi inalia akikata kushoto, akinyoosha inanyamaza. Usukani ukiushika unapanda na kushuka kama mpini wa jembe uliolegea. Fundi wake kamwambia mfumo mzima umekwisha, ang'oe kolamu yote, yaani bomba la usukani pamoja na shafti, ule mhimili unaozunguka ndani yake, afunge ya gari la Kijapani. "Kaka, nikubali?" ameniuliza.

Usikubali, ndugu yangu. Nami niliambiwa maneno ya namna hiyo, nikamwachia fundi afanye atakavyo, na hilo bado linaniuma.

Yangu ni Beetle modeli ya 1300 ya mwaka 1970, nyeupe, ya marehemu mjomba. Kwenye usukani ule ndiko nilikojifunzia kuendesha, yeye kakaa pembeni mkono wake uko kwenye breki ya mkono. Alipofariki nikaichukua Tanga, nikaileta Dar juu ya lori. Ilikuwa haina honi, na Dar bila honi hufiki. Nikaipeleka gereji moja, jina nalihifadhi. Wakaniuzia honi mpya, kimya. Wakaniuzia ya pili, kimya. Siku ya tatu nikakuta kijana ameng'oa kifuniko cha katikati, nati ameitoa yote, usukani umegoma kutoka, naye anagonga ncha ya shafti kwa nyundo. Nilisimama pale na mfuko wa mihogo mkononi, nikanyamaza. Nilijiambia fundi anajua kazi yake. Hela iliyopotea nimeshaisahau, ila kule kunyamaza sijakusahau.

Kwa nini ile nyundo ilikuwa balaa? Kolamu za Beetle kuanzia modeli za 1968 zimetengenezwa zijikunje dereva akigonga kitu kwa mbele, zisimchome kifuani. Ukigonga shafti kwa nyundo unaiambia imepata ajali. Yangu ilididimia. Kati ya kitovu cha usukani na swichi ya indiketa inatakiwa ibaki nafasi ya kama milimita 2 hadi 4. Kwangu haikubaki hata ya kupitisha karatasi, na kila kona usukani ulisaga swichi kwa sauti ya kukwangua sufuria. Nyuzi za nati kwenye ncha ya shafti zikalala, nati ikawa inaingia kwa kubembelezwa. Kisha wakaniambia, "Bosi, gari zee hili, uza chuma chakavu."

Miezi ya kutafuta kolamu nyingine sitaisimulia. Nilizunguka mtaa wa Gerezani, Dar, nikapiga simu mikoani, mwisho nikaipata kwenye Beetle iliyokufa uani kwa mzee mmoja kulekule Tanga. Vitu vidogo havikunisumbua. Magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, kwa hiyo beringi na raba bado zinaagizika. Anayekwambia spea hazipo hajazitafuta.

Safari hii nilifanya mwenyewe, Jumamosi nzima, chini ya mwembe. Kwanza nikachomoa betri, ile iliyo chini ya kiti cha nyuma. Magurudumu nikayanyoosha mbele. Ufunguo nikauacha kwenye swichi, nimeuzungusha ili loki ya usukani isishike. Kifuniko cha honi nikakibandua kwa vidole, nikachomoa waya wake, nikachora alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu: mstari mmoja unaopita kwenye shafti na kitovu cha usukani. Nati ni ya spana namba 27. Ilegeze, usiitoe! Iache imeshika nyuzi chache, halafu vuta usukani kwa mikono miwili, huku na huku, magoti yakisukuma kutoka chini. Ukiachia ghafla nati inaudaka, haukupigi meno. Ukigoma, azima pula, kile kifaa cha kuvutia usukani utoke. Nyundo hapana.

Piga picha kila hatua. Nilipiga picha nyingi nikadhani nimezidisha, lakini usiku nilipokuwa narudisha swichi ya indiketa na skrubu zake, picha moja tu ndiyo iliyonionyesha waya wa kahawia unapita wapi. Piga picha.

Beringi ya juu ndiyo iliyokuwa inafanya usukani upande na kushuka. Niliitoa ikiwa kavu, gololi zimeshika kutu, ukiizungusha inanguruma. Nikaweka mpya na grisi, mchezo wote ukaisha.

Lakini honi, jamani. Ndiyo iliyoanzisha yote, na jibu halikuwa juu kabisa. Lala chini upande wa dereva, gurudumu la mbele likiwa limetolewa na gari limekaa juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Utaona mahali shafti inapokutana na boksi ya usukani. Katikati yao kuna kisahani cha raba cha kupunguza mtikisiko. Changu kilikuwa kimepasuka kama kisigino chenye magaga. Sasa sikiliza: honi ya Beetle haipati umeme kupitia kitufe. Umeme uko kwenye honi tayari, kitufe kinachofanya ni kuipa njia ya kurudi bodini, na njia hiyo inashuka kwenye shafti. Raba haipitishi umeme, kwa hiyo wakaweka kiwaya kifupi, hakizidi kidole, cha kuivuka. Kiwaya hicho kilikuwa kimekatika. Honi mbili, kolamu moja, na mwaka wa maudhi, kwa sababu ya kiwaya kisichozidi kidole ambacho hakuna aliyelala chini kukiangalia.

Ndiyo maana nasema bila kuficha: fundi asiyeweza kukueleza kifaa kinafanyaje kazi, asikifungue. Muulize kabla hajashika spana. Akikasirika, chukua gari lako uondoke. Unadhani unamvunjia heshima, kumbe ni roho yako na ya wanao iliyo nyuma ya usukani huo. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na vumbi letu hilihili. Halistahili kuuawa na uvivu wa kulala chini.

Wakati wa kurudisha, kikonyo cha indiketa kiwe katikati, la sivyo usukani ukiingia unavunja vile vimeno vinavyoizima. Fuata alama yako ya rangi. Nati ikaze kwa spana ya kipimo, Nm (nyutoni mita) 50. Halafu zunguka uwanjani polepole kwanza, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, ndipo uingie barabarani.

Yule ndugu nilimjibu neno moja tu: lala chini uangalie. Leo asubuhi ametuma picha. Raba imechanika pande mbili, na kiwaya kimebaki na uzi mmoja wa shaba unaogusa pale tu anapokata kushoto. Yule fundi wake, ndugu ameshamwambia aende zake. Jumamosi ijayo nakwenda Morogoro, pula nimeshaiweka kwenye begi.