Uhuru ulikuwa wa nani? Maswali yenu ya kuelekea tarehe 9 Desemba

Kila Desemba ikikaribia, maswali ya historia hunijia kwa wingi kuliko mwezi mwingine wowote. Nimechagua haya machache. Mengine yatasubiri zamu yake.

Shikamoo mzee. Shuleni tulifundishwa kwamba Mwalimu Nyerere ndiye aliyeleta uhuru. Babu yangu wa Kariakoo akisikia hivyo hukasirika. Kwa nini? – Mwanafunzi, Ilala

Marahaba, mjukuu wangu. Sidhani kama babu yako anamkataa Mwalimu. Kinachomuuma ni kuona waliomtangulia na waliombeba wamefutwa ubaoni. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, lakini mizizi yake ni African Association, chama cha Waafrika kilichoanzishwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1929. Ofisi yake ilikuwa New Street, mtaa tunaouita Lumumba leo. Humo walikuwamo Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, mzee John Rupia na wengine wengi, watu wa mjini wenye fedha kidogo na marafiki wengi. Nyerere alikuwa mwalimu kule Pugu. Machi 1955 alipokwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, nauli yake ilitoka kwenye michango. Aliporudi akaacha kazi ya ualimu, akabaki hana mshahara, na wenyeji wa Kariakoo wakampokea. Basi kaa na babu yako, uandike majina anayoyakumbuka. Andika na majina ya mitaa.

Barabara ya Bibi Titi Mohamed naipita kila siku kwa daladala. Huyu mama alifanya nini hasa? – Mama wawili, Mbagala

Ahsante kwa swali hili, dada yangu.

Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa. Kwa hiyo karani au mwalimu wa serikali aliyekata kadi aliweka kibarua chake rehani. Wanawake wengi wa mjini hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza. Walipika vitumbua, waliuza maandazi, walikuwa na senti zao wenyewe, na juu ya yote walikuwa na vikundi vya ngoma na lelemama vyenye viongozi waliosikilizwa. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU hakuanza na hotuba, alianza na viongozi wa ngoma. Akimpata kiongozi, kundi zima linafuata. Katika miezi michache waliojiunga walihesabiwa kwa maelfu, na mikutano ya Mnazi Mmoja ikajaa kanga.

Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Kadi yake aliifunga kwenye pindo la kanga, kisha akaihamishia sandukuni, na hakuwahi kuniruhusu kuichezea.

Sehemu inayofuata hatuisemi vya kutosha. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, tamko la ujamaa na kujitegemea, lilipokataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, Bibi Titi alipinga na akajiuzulu nafasi yake katika chama. Mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake, akahukumiwa kifungo cha maisha. Rais alimwachia mwaka 1972. Aliishi miaka mingi baada ya hapo kimya kimya, hadi alipofariki mwaka 2000. Mimi nalipenda Azimio la Arusha na sitaacha kulipenda. Lakini namna tulivyomtelekeza mwanamke yule baada ya gereza inanisononesha hadi leo, na jina la barabara halijanitoa majonzi hayo.

Ni kweli Nyerere alijiuzulu wiki chache tu baada ya uhuru? – Dereva, Temeke

Kweli kabisa. Januari 1962 alimwachia Rashidi Kawawa uwaziri mkuu, akaenda mikoani kukijenga upya chama. Hofu yake ilikuwa kwamba wanachama walijua kudai tu, na sasa mdaiwa alikuwa ameondoka. Tarehe 9 Desemba 1962 tulipokuwa Jamhuri alirudi akiwa Rais.

Tulipata uhuru 1961, halafu 1964 tukawaita askari wa Kiingereza waje kutuokoa. Hiyo si aibu? – Kijana wa Sinza

Ilikuwa aibu, na aliyesema hivyo kwanza ni Nyerere mwenyewe. Ila tazama chanzo chake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mambo mawili: nyongeza ya mshahara, na maofisa Waingereza waondoke. Dai la pili lisome tena polepole. Zaidi ya miaka miwili baada ya bendera kupandishwa, jeshi letu bado liliongozwa na maofisa wa mkoloni. Tulibadili wimbo, sare na jina, tukaacha amri mikononi mwa walewale. Mjini kukawa na uporaji na watu wakafa. Rais akafichwa, na waziri wake Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi. Tarehe 25 makomando wa Uingereza walishuka kutoka manowari ya Centaur, wakayamaliza maasi kwa muda mfupi.

Namheshimu Mwalimu kwa alichofanya baada ya hapo. Aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) hapa Dar es Salaam akawaeleza waziwazi yaliyompata, na askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza. Jeshi la zamani likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), kwa vijana waliotoka zaidi Umoja wa Vijana wa TANU.

Gharama yake nayo tuitaje: tangu hapo jeshi na chama vilikuwa kitu kimoja kwa muda mrefu mno.

Wazee wetu walipigania uhuru wa kusema, kisha wakatuwekea chama kimoja. Unalitetea hilo? – Mwanasheria, Upanga

Sitetei sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Ndugu zetu walikaa ndani bila kujua kosa lao, na hoja ya umoja wa taifa hainitoshi.

Kuhusu chama kimoja, nitasema nusu nusu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Uchaguzi wa 1965 haukuwa mchezo: karibu kila jimbo lilipiganiwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine nyumba, na hata waziri Paul Bomani aliangushwa. Mtu ungeweza kumwondoa mbunge. Usingeweza kuiondoa sera. Kwangu mimi hapo ndipo penye kasoro, na tulichelewa hadi 1992 kuirekebisha.

Kwa nini tulijitwisha mzigo wa kukomboa wengine wakati sisi wenyewe tulikuwa hohehahe? – Mfanyabiashara, Kariakoo

Mzigo ulikuwa mkubwa, kaka, sibishi. Mwaka 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, na mkopo wake wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Fedha ile ingejenga mengi.

Lakini upande wa pili wa Mto Ruvuma, Msumbiji, alikuwapo mkoloni Mreno mwenye jeshi. Ungelala vipi na jirani kama huyo? FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa hapa mjini tarehe 25 Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa. Wapiganaji walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na wanakijiji wa mpakani wakala mabomu pamoja nao. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilichoonekana ni kitabu, kwenye nyumba moja Oysterbay, kikamlipukia na kumuua. Msumbiji ilipata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu siku ile ya Dar es Salaam. Ukishuka Samora Avenue kununua bidhaa, kumbuka kwamba Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, alipita hapa akiwa kijana asiye na nchi.

Babu amefariki na tumekuta kadi yake ya TANU na picha za mikutano. Kuna mtu anataka kuzinunua. Tufanye nini? – Familia, Magomeni

Poleni sana kwa msiba. Msiuze kwanza. Zipigeni picha zote, mbele na nyuma. Msizitie plastiki ya moto, inaharibu karatasi. Waiteni wazee waliobaki wawatajie sura zilizomo, na majina yaandikwe kwa penseli kwenye bahasha, si juu ya picha. Kisha nendeni Nyaraka za Taifa au Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, muulize utaratibu wa kuzihifadhi. Na hapo kwenu Magomeni kuna nyumba ya Mwalimu ambayo sasa ni makumbusho. Wapelekeni watoto wakaione wiki hii, wakiwa na kadi ya babu mkononi.