Gemu kumi hazitoshi: jinsi nilivyoaibika kijiweni

Kijiweni kwetu Kariakoo, pembeni ya wazee wa drafti ya vizibo, tuko vijana wachache wa chesi. Stockfish 12, toleo la programu maarufu ya kucheza chesi, ilipotoka mwaka 2020 nikaipambanisha na Stockfish 11 kwenye laptopu yangu, gemu kumi. Toleo la zamani likashinda 6 kwa 4. Nikaenda kutangaza kwa sauti kubwa kwamba jipya ni porojo.

Mshikaji mmoja akaniuliza swali moja tu: "Zote ulizipa kori ngapi?"

Kori ni vitengo vya prosesa vinavyopiga hesabu kwa pamoja. Kumbe lile la zamani nilishaliwekea kori nne kitambo, nikasahau. Jipya lilikuwa na kori moja, maana ndivyo Stockfish inavyokuja usipogusa mipangilio. Yaani nilimfunga mtu mguu, halafu nikamcheka kwa kuchechemea.

Kwa hiyo kabla ya lolote, kagua kori na kumbukumbu ya hashi (nafasi ambako programu hutunza hesabu ilizokwisha kupiga), zilingane. Na chaja iwe imechomekwa. Umeme wa kwetu mnaujua. Ukikatika, laptopu ikihamia kwenye betri prosesa mara nyingi hupunguza kasi, na gemu za baada ya hapo si sawa na za mwanzo.

Hata ningelinganisha kila kitu, bado 6 kwa 4 isingeniambia kitu. Chukua sarafu, irushe mara kumi. Kutoka tano kwa tano kamili hutokea kama mara moja tu katika nne. Sarafu haina upande mkali! Asilimia 60 ya pointi ni tofauti ya takribani Elo 70 (Elo ni kipimo cha nguvu ya mchezaji), lakini kwa gemu 100 bahati peke yake inaweza kukupeleka karibu umbali huohuo juu au chini. Sare zikiwa nyingi umbali huo hupungua kidogo. Ukitaka kupambanua tofauti ya Elo 20, andaa gemu elfu na zaidi.

Usiziache programu zianze kila mara kwenye mpangilio wa kawaida wa mwanzo, zitarudia njia zilezile. Tafuta faili la fungulizi, yaani hatua za mwanzo zilizopangwa tayari, kila ufunguzi uchezwe mara mbili, weupe na weusi wakibadilishana.

Wakubwa nao wamebishania haya. Mwaka 2017 AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind, iliifunga Stockfish 8 katika gemu 100: ushindi 28, sare 72, haikupoteza hata moja. Wengi wakalalamikia dakika moja kwa kila hatua na hashi ya gigabaiti 1 tu iliyopewa Stockfish. Mimi naona malalamiko yalikuwa ya haki, ingawa gemu zenyewe zilikuwa tamu.

Kama huna muda wa kuacha laptopu inaunguruma usiku kucha na joto hili la Februari, angalia orodha ya CCRL, inayopanga programu za chesi kwa nguvu. Ila pointi zake usizilinganishe na za FIDE, shirikisho la chesi la dunia. Za CCRL zimetokana na programu kucheza zenyewe kwa zenyewe, hakuna binadamu ndani yake.