Mama mkwe anakulelea mtoto, wewe unamhesabia simu

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga. Mume wangu ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta huku Ruwais, Abu Dhabi. Mimi na watoto wetu wawili wadogo tulimfuata mwaka juzi, tunaishi kota za kampuni. Shangazi, hapa ni jangwa. Nyumba si mbaya na bili hatulipi, lakini sina ndugu, sina kazi (nyumbani nilikuwa mwalimu), na gari ni moja, analo yeye. Akirudi kazini anakula, analala. Nikimsemesha ananijibu "mm". Mwezi wa pili wote alikuwa kama mpangaji tu humu ndani. Mama yake anampigia kila siku, siku nyingine mara mbili, na mwisho wa mwezi anamtumia pesa kabla hajaniuliza sisi tunahitaji nini. Nikisema naambiwa nina wivu. Wenzangu waume zao wamepewa nyumba kubwa na kila wikendi wanapelekwa Dubai, sisi tumebanana vyumba viwili. Mmoja wao alinisema kwenye kundi letu la WhatsApp, nami nikampa za uso, mpaka leo hatusalimiani. Kijana wetu mkubwa yuko Tanga kwa bibi yake amalizie darasa la saba. Nimechoka. Ama nirudi nyumbani, ama mama mkwe aache kuingilia ndoa yangu. Nishauri.

Mpweke wa Jangwani

*

Marahaba mwanangu, na pole. Upweke wa ugenini unauma, tena ukiwa ndani ya uzio na nje jua la nyuzi 45 linakusubiri mlangoni. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu kila nikiirudia barua yako namwonea huruma mtu mwingine kabisa.

Tuanzie pale ulipopita mbio. "Kijana wetu mkubwa yuko Tanga kwa bibi yake." Umelileta hilo mwishoni, baada ya vyumba viwili, baada ya Dubai, baada ya matusi ya kundi. Na huyo bibi hukumtaja ni mama wa nani. Angekuwa mama yako ungeandika "kwa mama yangu", hakuna mwanamke anayesema "bibi yake" akimaanisha mama yake mzazi aliyemwachia mwana. Kwa hiyo bibi ni huyohuyo mama mkwe anayeingilia ndoa yako.

Sasa zisome upya zile simu. Bibi analea mvulana wa darasa la saba, mwenye mtihani wa taifa Septemba. Siku moja mtoto ana homa, siku nyingine kaitiwa mzazi shuleni, siku nyingine viatu vimetoboka au mwalimu wa masomo ya ziada anadai chake. Ulitaka ampigie nani? Halafu unajua vizuri kwamba huko Falme za Kiarabu simu za WhatsApp hazipiti, wengi wenu mnatumia programu ya Botim. Maana yake huyo mama amemtafuta mtu wa kumwekea programu mpya kwenye simu, akajifunza kuibonyeza, na bando ananunua, ili mwanenu asikie sauti ya baba yake kabla ya kulala. Wewe unakaa kochini unahesabu: leo mara mbili.

Na pesa ya mwisho wa mwezi nayo ni hiyohiyo. Unaposema anatuma "kabla hajaniuliza sisi tunahitaji nini", hiyo "sisi" yako ina watu wangapi? Mimi nimehesabu watoto watatu. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hiyo kazi anaifanya mwanamke mwingine, umri umemtupa mkono, bila mshahara, bila likizo, na shukrani yake ni kuandikiwa barua kwa shangazi.

Nina swali ambalo barua yako haikulijibu. Simu ya Tanga ikiita, wewe huwa wapi? Unaichukua ukamuamkia mkweo, ukaomba kusema na mwanao? Au unaingia jikoni unagonganisha masufuria mpaka baba watoto anatoka nje kuongelea kwenye gari? Nahisi ni masufuria. Mama anayeongea na mwanawe kila siku hawezi kulalamika kwamba simu ya mwanawe inaita kila siku.

Tuje kwa mumeo. Unasema ni bubu, mimi namwona mchovu. Fundi mitambo wa kiwanda cha mafuta hafanyi kazi ya kupanga faili. Ni zamu, nyingine za usiku, kwenye mabomba ya moto, katika nchi ambayo serikali yenyewe inapiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00, tangu tarehe 15 Juni mpaka 15 Septemba, kwa sababu joto linaua. Na huo mwezi wa pili aliogeuka mpangaji, ulimuuliza kulikuwa na nini kazini? Viwanda vya namna hiyo huwa vinazimwa kwa matengenezo makubwa, na msimu wa baridi unafaa kwa kazi hiyo. Mtambo ukizimwa, fundi hana Jumamosi wala Jumapili, wanakimbizana na tarehe ya kuuwasha. Sijui kama ndicho kilichomkuta mumeo. Wewe unayelala naye ndiye ungepaswa kunieleza mimi, na hukueleza. Umeandika maneno mengi juu ya nyumba za wenzako na hakuna hata moja juu ya kazi ya mumeo zaidi ya cheo.

Halafu unashangaa anajibu "mm". Mtu katoka zamu ya usiku, macho mekundu, anakaribishwa na habari kwamba mume wa fulani kapewa vyumba vinne na mke wa fulani alikuwa Dubai. Ulitaka ajibu nini? Hata mimi ningesema "mm" nikavuta shuka.

Hiyo habari ya vyumba naijua mno. Nimewahi kukaa Mwadui kule Shinyanga, kwenye mgodi wa almasi alioanzisha yule Mkanada Williamson mwaka 1940. Ni mji mzima ndani ya uzio, una shule yake, hospitali yake, klabu yake, hata uwanja wake wa ndege. Kota ya kampuni ina ugonjwa wake popote ilipo duniani: ukitaja mtaa unaokaa, watu wameshajua mshahara wa mumeo. Nyumba hugawiwa kwa daraja la kazi na wakati mwingine kwa idadi ya watoto mlio nao pale. Wanawake wanaanza kuvaa vyeo vya waume zao. Mke wa bosi hasalimii kwanza, mke wa fundi hakai kiti cha mbele. Na hao wa vyumba vinne wanalia vilevile usiku, ila wao wanalilia chumba cha tano. Nyumba njema si mlango. Dubai yenyewe wanayokwenda kila wikendi, kutoka Ruwais mpaka Abu Dhabi mjini tu ni kilomita kama 240, na Dubai iko mbele ya hapo. Ukirudi Jumapili usiku umechoka, pochi tupu, na picha za kuweka hadharani. Mumeo ana haki ya kukataa.

Kuhusu kundi la WhatsApp, hapo sikutanii. Nchi uliyopo ina sheria ya makosa ya mtandao, sheria namba 34 ya mwaka 2021, na kumtukana mtu kwa ujumbe wa simu ni kosa linalofika polisi na mahakamani. Si Tanga hapo, ambako mtachambana leo kesho mkutane msibani yaishe. Ukishtakiwa wewe, anayeyumba ni mumeo na kazi yake, na visa yenu nyote imening'inia kwenye hiyo kazi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtafute huyo mama, ana kwa ana, umwombe radhi hata kama yeye ndiye aliyeanza. Usimtumie ujumbe. Nenda mlangoni kwake na sahani ya vitumbua. Na nakuonya mapema, maana nawajua: vikisifiwa usianze kuviuza kota nzima bila kuuliza kibali. Biashara huko ina leseni.

Ngoja niseme na wengine wanaosoma, maana barua za aina hii zinanijia nyingi mno siku hizi, za Doha, za Dammam, za Muscat. Mabinti, mnaolewa na mshahara. Bwana harusi akitajwa yuko Ghuba, vigelegele vinapigwa kabla posa haijafika. Mnaona picha ya minara na gari, mnapanda ndege, mkifika mnagundua kwamba mshahara ule unafanya kazi zamu, unanuka mafuta, na unarudi nyumbani unataka kulala. Minara iko mbali, mlipopangiwa ni kota pembeni mwa kiwanda, na duka la maana ni moja. Hapo ndipo lawama zinapoanza, na kwa kuwa kampuni hailaumiki na jua halilaumiki, anatafutwa wa karibu: mama mkwe. Zamani kungwi alimfunda mwali namna ya kukaa na mume asiyekuwepo, kwa sababu pwani wanaume walikuwa mabaharia na wavuvi, mtu anaondoka na msimu anarudi na msimu. Siku hizi kungwi anafunda mapambo ya ukumbi. Mume akiwa chumba cha pili amelala, mke anajiita mjane.

Nirudi kwako, kwa sababu mumeo naye hajakaa malaika. Mwaka wa pili sasa mkewe hana namna ya kutoka getini mpaka aendeshwe, hilo ni kosa lake. Tena pesa za Tanga angezitaja kwa sauti: ada kiasi hiki, chakula kiasi hiki, dawa za mama kiasi hiki. Mwanamume anayetuma kimya anamwachia mkewe nafasi ya kujaza mwenyewe, na mwanamke mwenye upweke akijaza, hajazi mazuri. Mwambie hivyo, kwamba shangazi kasema.

Ila wewe umekaa ugeni mrefu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huko jembe hulioni kwa sababu umejifungia. Anza na leseni ya udereva. Yetu haibadilishwi pale kwa kujaza fomu tu, utaingia darasani na kwenye mtihani, kuna gharama na kuna kufeli, kubali. Hiyo ndiyo zawadi ya kumwomba mumeo badala ya Dubai. Pili, vyeti vyako vya ualimu. Kuwa kwenye visa ya mume hakukuzuii kuajiriwa, mwajiri ndiye anayekuombea kibali cha kazi. Lakini vyeti lazima vipite Wizara ya Mambo ya Nje huku nyumbani na ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam vigongwe mihuri, na kufundisha Abu Dhabi kunahitaji idhini ya idara yao ya elimu. Ni safari ndefu ya makaratasi. Kama ungeianza wiki uliyofika, leo usingekuwa na muda wa kuhesabu simu. Ukianza na kazi ya msaidizi kwenye shule ya chekechea hapo karibu usione haya, watoto wako wadogo wanahitaji shule hiyohiyo.

Na hilo la kurudi nyumbani. Ukirudi kwa hasira utafikia wapi? Kwa mama mkwe? Nakushauri urudi, lakini si kwa sababu uliyoandika. Julai joto huko halivumiliki na shule zimefungwa. Beba wadogo, njoo Tanga, ukae na kijana wako mpaka afanye mtihani wake Septemba. Mwamshe wewe, mchemshie uji wewe, msimamie hesabu wewe, si ualimu unao? Mama mkwe mpe nafasi alale mpaka jua litoke. Usizidishe miezi sita tu nje ya nchi ile, ukizidisha visa ya ukaazi inakufa. Tiketi katisha mapema, msimu huo bei hupaa.

Mkweo ukimkuta kavimba, mvumilie. Kama amekuwa akisikia masufuria kwenye simu, anajua. Mletee kanga doti nzuri, na neno la asante liseme kwa mdomo, mbele ya watu, usimtume mtoto alipeleke.

Limebaki moja ambalo nyote wawili mmelinyamazia. Kijana akimaliza darasa la saba, Januari ni kidato cha kwanza. Anaingia wapi? Anabaki Tanga kwa bibi miaka minne mingine, anakwenda bweni, au anawafuata Ruwais kwenye shule za mtaala mwingine, abanane nanyi kwenye vyumba viwili? Pengine hata hivyo vyumba mngeweza kuviombea nyongeza mkiwa na watoto watatu pale, sijui taratibu za kampuni yenu, mumeo aulize. Mpikie, ale, alale saa zake nane. Akiamka mkae naye kwa hilo, na kabla hamjaamua chochote mpigieni bibi, muwe watatu kwenye simu. Kwa sasa yeye ndiye anayemjua huyo mtoto kuliko ninyi.